Kumuaga mwigizaji mkongwe kwa usiku wa filamu: mwongozo kwa mashabiki wa Mwanza

Mwigizaji mkongwe akifa, ndugu zake wana maiti ya kuzika. Mashabiki wa Kirumba, Igoma au Nansio hawana. Walichonacho ni sura yake, sauti yake na vile vituko vilivyowavunja mbavu kwenye kibanda umiza. Kwa hiyo shughuli ya kumuaga inayowafaa kuliko zote ni kumtazama tena kwa pamoja, na mwongozo huu unatumia maneno mengi kwenye picha na sauti, machache kwenye hotuba. Hotuba mbovu husahaulika kesho yake. Filamu iliyokatika dakika kumi kabla ya mwisho husimuliwa mtaani mwaka mzima.

Kabla ya yote, hakikisheni amekufa

Dharmendra, nyota wa filamu za Kihindi, alitangaziwa kifo duniani kote Novemba 11, 2025 akiwa bado hai. Familia ikakanusha. Alifariki Novemba 24, wiki mbili kabla ya kutimiza miaka 90. Waliokuwa wameshabandika picha yenye utepe mweusi walilazimika kuibandua na kuomba radhi. Picha ya skrini iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp si ushahidi. Subirini tamko la familia, au chombo cha habari kinachomtaja mwanafamilia au daktari kwa jina. Mkikosa vyote viwili, kaeni kimya saa ishirini na nne, hakuna mtakachopoteza.

Kisha pangeni tarehe. Wengi hukimbilia wiki ya kwanza kwa sababu uchungu bado mbichi, na wiki hiyo ndiyo kila kitu huharibika: kibali hakijatoka, filamu imepakuliwa usiku wa manane, projekta imekodiwa bila kuonwa. Arobaini inafaa zaidi. Kila mtu hapa anaielewa, na inawapa wiki tano za kazi.

Mkiwa karibu na maji, tazameni pia mwezi. Wale wadudu wadogo wa ziwa, wanaoonekana kwa mbali kama moshi mweusi juu ya maji, hutoka kwa wingi siku zinazozunguka mwezi mwandamo. Wanafuata mwanga, na usiku huo mwanga mkubwa kuliko yote ufukweni utakuwa wenu. Giza la mwezi mwandamo linavutia kwa sababu picha hukolea, lakini mbalamwezi haiharibu picha kama watu wanavyodhani. Taa moja ya barabarani ni mbaya kuliko mwezi mpevu. Chagueni Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu. Na kama tarehe yenu inaangukia vuli, Oktoba hadi Desemba, au masika, Machi hadi Mei, tafuteni ukumbi wenye paa tangu mwanzo. Turubai la dharura linawakinga watu mvua, halafu mvua hiyohiyo inalipiga turubai mpaka hakuna anayesikia filamu.

Barua na vibali

Kosa la kwanza la wageni wa shughuli hizi ni kupeleka barua kwenye halmashauri isiyo yao. Mji tunauita Mwanza wote, lakini Kirumba, Pasiansi na Nyakato ziko Manispaa ya Ilemela, wakati Mabatini, Igogo na Igoma ziko Jiji la Mwanza, wilaya ya Nyamagana. Uwanja wa Furahisha uko Kirumba, kwa hiyo ni Ilemela. Anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji, wagonge mhuri, kisha barua hiyohiyo iende kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri husika, na nakala kituo cha polisi cha karibu. Barua itaje tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya watu, mahali penyewe, jina la filamu na namba ya simu ya mtu mmoja tu. Mkiweka namba tatu, kila mmoja atadhani mwenzake ameshapokea.

Filamu yenyewe ina mambo yake. Kuonyesha filamu hadharani kunasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo inayopanga madaraja ya umri. Juu ya hapo kuna hakimiliki, ambayo ni kazi ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini. DVD halali uliyoinunua inakupa ruhusa ya kuitazama sebuleni kwako, basi. Kutotoza kiingilio hakubadilishi hilo. Kwa filamu ya Kitanzania, mwenye haki kwa kawaida ni mtayarishaji, siyo familia ya marehemu, kwa hiyo mjane akisema "onyesheni tu wanangu" amewabariki ila hajawapa kibali. Mwandikieni mtayarishaji barua fupi. Filamu za ng'ambo zina mlolongo mrefu zaidi. Muulizeni Afisa Utamaduni mapema, pengine wiki nne kabla. Jibu likichelewa, bado mnaweza kufanya usiku wa kumbukumbu wenye picha, simulizi na watu kuimba nyimbo zake wenyewe.

Filamu ipi

Moja. Kamati nyingi hutaka tatu, "ili tumheshimu," na saa sita usiku viti vinabaki na watoto waliolala. Pigeni hesabu kwa saa za hapa. Jua la Mwanza huzama kati ya saa 12:40 na saa 1:10 jioni kutegemea mwezi wa mwaka, na giza la kutosha kwa projekta linahitaji nusu saa zaidi. Mkianza saa 1:45 usiku na filamu ya saa mbili, watu wanatoka saa 4:00 wakiwa na mapumziko ya dakika kumi na tano. Sasa chukueni Sholay ya mwaka 1975, ambayo wazee wengi wangeitaka kwa ajili ya Dharmendra. Ina zaidi ya saa tatu, na matoleo yake hayafanani urefu wala mwisho, kwa sababu udhibiti wa wakati ule ulilazimisha mwisho wake wa awali ubadilishwe. Ukianza saa 1:45 unamaliza baada ya saa 5. Inawezekana, ila barua ya kibali lazima iseme hivyo, na madereva wa kurudisha watu wawe wamelipwa kabla.

Waliotoka Sengerema siku hizi wanarudi usiku kwa Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, hawasubiri kivuko. Wa Ukerewe watafutieni pa kulala.

Msichague filamu iliyoshinda tuzo. Chagueni ile ambayo watu wanakariri maneno yake. Kwa King Majuto, aliyefariki Agosti 8, 2018, ukumbi hautaki tamthilia ya huzuni. Unataka kucheka, na kicheko hicho hakimvunjii heshima mtu aliyekula jasho lake kwa kuchekesha. Kwa Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga aliyefariki Aprili 7, 2012, Kanda ya Ziwa ina madai ya nyumbani, na huko mnaweza kwenda kwa machozi.

Halafu kuna ubishi wa tafsiri. Toleo la dijei aliyeingiza maneno ya Kiswahili linachangamsha kibanda, hatukatai, ila usiku wa kumuaga mtu mnataka sauti yake. Onyesheni ya asili. Maandishi ya chini hayasomeki kutoka safu ya sita, kwa hiyo mteueni mtu mmoja mwenye maiki aeleze kwa sentensi mbili tatu mwanzoni, wakati wa mapumziko, na pale filamu inapoingia kwenye wimbo. Asizungumze juu ya mazungumzo. Na nyimbo zikianza pandisheni sauti kidogo, maana watu wataimba, hata wasiojua Kihindi hata neno.

Ubora wa faili upimwe kwenye pazia, si kwenye simu. Faili lenye mistari 240 (240p) linalopendeza kwenye kiganja hugeuka vigae kwenye pazia la mita tatu. Msishuke chini ya mistari 720. Filamu za zamani nyingi zina umbo la karibu na mraba. Projekta za leo ni pana. Acheni michirizi miweusi ibaki pembeni. Anayeivuta picha ijaze pazia anamfanya marehemu awe mnene na mfupi. Kwenye VLC, programu ya kuchezea filamu kwenye laptopu, herufi A hubadilisha umbo la picha, kwa hiyo mwendeshaji aijue, na watoto wasiikaribie. Filamu iliyopigwa nyeusi na nyeupe ionyeshwe hivyohivyo, ila isianze kabla ya giza kamili, kwa kuwa nyeusi yake hugeuka majivu.

Flashi ifomatiwe kwa mfumo wa exFAT. Ile yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na ujumbe wa kosa huja ukiwa umebakiwa na saa moja. Beba nakala mbili, moja ndani ya laptopu yenyewe. Msitegemee intaneti kuonyesha chochote.

Pazia na projekta

Kwa watu 80, pazia la upana wa mita 3 na kimo cha mita 1.7 linatosha. Kitambaa kiwe cheupe kisichong'aa. Shuka moja hupitisha mwanga, kwa hiyo shonea kitambaa cheusi nyuma yake. Ukuta laini uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa ni bora kuliko kitambaa chochote, na Mwanza ina kuta nyingi za namna hiyo zilizoegemea miamba. Ukingo wa chini wa pazia uwe mita 1.2 kutoka ardhini, vinginevyo safu ya tatu inatazama visogo.

Ufukweni, pazia ni tanga. Mvuvi yeyote wa Mwaloni atakwambia hivyo kabla hujamaliza kulisimamisha. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Jua likizama hutulia, kisha usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Maana yake ni kwamba pazia ulilolifunga vizuri saa 10 jioni dhidi ya upepo wa ziwa litasukumwa kutoka upande wa pili katikati ya filamu. Fungeni kamba mbele na nyuma. Mirunda miwili ya mita 4 ichimbiwe sentimita 60, na kitambaa kitobolewe kila sentimita 50 kisha kifungwe kwa ile mipira ya bodaboda ya kufungia mizigo. Mpira hujinyoosha upepo ukivuma na kurudi. Kamba ya katani haina huruma, hupasua kitambaa.

Projekta iwe na mwanga wa lumeni 3,000 za ANSI, yaani zilizopimwa kwa kiwango kinachokubalika. Soma neno hilo ANSI kwenye lebo. Vile vidude vidogo vinavyoandikwa 9,000 kwenye boksi mara nyingi havifiki hata 300 vikipimwa, na picha yake usiku wa wazi ni kama tochi iliyochoka. Projekta nyingi za kawaida zinahitaji umbali wa mara 1.5 ya upana wa picha, yaani mita 4.5 kwa pazia letu. Hapo ni kwenye safu ya kwanza ya watu, kwa hiyo acheni njia ya mita 1 kila upande wa meza yake. Inueni projekta ilingane na pazia. Mkiiweka chini na kuielekeza juu, picha inakuwa pana juu na nyembamba chini. Kitufe cha kurekebisha kipo, lakini kinapunguza ukali wa picha. Safu ya kwanza ya viti ikae mita 4.5 kutoka kwenye pazia, safu nane za viti kumi, nafasi ya sentimita 90 kati ya safu na safu. Nyuma ya hapo nyuso hazionekani vizuri. Wakija watu 150, tafuteni pazia la mita 4 au zaidi.

Kwa wadudu: nusu saa kabla ya filamu, washeni taa nyeupe yenye nguvu mita 20 upande wa ziwani, mbali na watu, na zimeni kila taa nyingine. Wengi watabaki huko. Projekta izungushiwe chandarua juu ya fremu, kikae sentimita 20 kutoka kwenye matundu ya hewa. Mkikilaza juu ya projekta moja kwa moja itapata joto na kujizima, na hapo mtailaumu TANESCO bure.

Sauti

Watu huvumilia picha hafifu, lakini sauti mbovu inawaondoa. Spika mbili zenye stendi, juu ya vichwa vya waliokaa, kando ya pazia, zikiinamishwa kidogo kuelekea safu ya tano. Msizielekeze kwenye mwamba au ukuta wa mawe. Mji huu umejengwa juu ya miamba na mwamba hurudisha sauti. Mazungumzo yanasikika mara mbili na hakuna anayeelewa. Elekezeni ziwani pale mnapoweza, na majirani watawashukuru.

Tumieni waya kutoka laptopu hadi miksa. Bluetooth huchelewesha sauti, mdomo unafunga kabla neno halijafika. Hata kwa waya ikitokea faili lenyewe lina kasoro hiyo, herufi J na K kwenye VLC husogeza sauti mbele au nyuma kidogokidogo. Ukisikia mngurumo mzito usioisha, chomoa chaja ya laptopu. Ukikoma, tatizo ni umeme wa chaja, tazameni filamu kwa betri na muichaji wakati wa mapumziko. Filamu za zamani zina sauti nyembamba: punguzeni besi, pandisheni kidogo sauti za kati ambako maneno hukaa. Dijei wa harusi atafanya kinyume. Mkatazeni mapema, kwa upole.

Umeme

Projekta wati 300, spika mbili, laptopu, miksa na taa chache: msizidi wati 1,200. Jenereta ya kVA 2.5 inabeba bila kulia. Wekeni lita 5 za petroli kwa saa nne na lita 5 za akiba, na jazeni tangi kabla ya kuanza, kwa sababu kumimina petroli kwenye jenereta ya moto gizani katikati ya umati ni kutafuta msiba wa pili. Ikae mita 25 nyuma ya ukuta, upande ambao upepo wa usiku hautaleta moshi kwa watu. Ekstensheni iwe ya waya wa milimita za mraba 2.5, isambazwe yote. Iliyobaki imeviringwa kwenye gurudumu lake hupata moto.

Hata mkitumia umeme wa gridi, projekta ipitie UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba; VA 650 inatosha. Umeme ukikatika ghafla, taa ya projekta inabaki na moto bila feni ya kuipoza, na taa hiyo ni ya bei kubwa. UPS inawapa dakika chache za kuwasha jenereta au kuizima kwa utaratibu.

Fanyeni jaribio usiku wa kuamkia shughuli, saa ileile, mahali palepale. Jaribio la mchana ofisini halihesabiki.

Meza ya kumbukumbu na ratiba

Picha moja kubwa ya marehemu, daftari la rambirambi lenye kalamu mbili zilizofungwa kwa uzi, maua kama yapo. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp imebanwa. Ikichapwa ukubwa wa A2 inatoka na ukungu. Kwa A2 tafuteni faili lenye pikseli 2,500 kwa 3,500 hivi, au shukeni A3. Chagueni ya ujana wake, ile watu waliyomjua nayo. Jina na miaka visomwe na watu watatu tofauti kabla ya kuchapa, na mmoja wao asiwe shabiki, kwa sababu shabiki husoma anachokijua.

Dua na sala ni suala la kuangalia. Marehemu anaweza kuwa Mhindu, Mwislamu au Mkristo, na mashabiki ni wote. Dakika moja ya ukimya inawatosha wote. Mwenye kutaka kumwombea zaidi atafanya kwake. Akiwa nyota wa Kihindi, waalikeni na majirani wa jamii ya Kihindi, na muwaulize mapema kama kuna jambo katika mpangilio wenu linalowakwaza.

Wazungumzaji wawili, dakika tatu kila mmoja, kabla ya filamu. Baada ya filamu hakuna hotuba. Watu wametoka kumwona akiwa hai. Waacheni waondoke naye. Mshereheshaji awe na saa mkononi na ujasiri wa kumnyang'anya mheshimiwa maiki. Bisi na karanga zilizomenywa ziuzwe. Miwa hapana, mtafuno wake unafika mpaka safu ya nyuma.

Fedha

Namba ya kupokea michango iwe moja na jina linalotokea mtu akituma liwe la mweka hazina aliyetangazwa. Mtu maarufu akifa, namba za utapeli za "rambirambi ya familia" huzuka siku hiyohiyo. Semeni wazi kwamba michango ni ya shughuli hii, na msikusanye kwa jina la familia msiyowasiliana nayo. Kwa marehemu wa hapa nchini, ipigieni simu kamati ya msiba kwanza. Pengine wao wana jambo lao mnaloweza kuunga mkono. Amueni salio litaenda wapi kabla ya shilingi ya kwanza kuingia, na liandikwe kwenye kundi.

Kufunga kazi

Projekta izimwe kwa kitufe na iachwe dakika tano mpaka feni inyamaze, ndipo ichomolewe. Jenereta ipoe kabla ya kupakiwa. Viti vihesabiwe kabla watu hawajaanza kuondoka navyo kukaa barabarani kusubiri usafiri. Pazia huwa limejaa wadudu na umande: msilipanguse likiwa bichi, maana wadudu wa ziwa wakisagwa huacha doa la mafuta lisilotoka. Litandazeni kivulini mpaka asubuhi likauke, kisha mlipige kwa ufagio laini, ndipo mlikunje.